Sikuinua lile kapeti, sasa dada wa watu anafukuzwa

Admin, nifichie jina. Hili sijamwambia mtu yeyote: nilimdanganya mama, na kuna dada anafukuzwa kwa uongo wangu.

Nina miaka 18, nimemaliza kidato cha nne, naishi na mama hapa Levolosi. Baba alituachia vyumba vitatu vya kupangisha. Mama anashinda sokoni, kwa hiyo mpangaji akihama, mimi ndiye ninayekagua chumba na kupokea funguo.

Wiki iliyopita alihama mama mmoja muuza makande, anayenijua tangu mdogo. Nikamwamkia, nikaingia. Nilipoinama kuinua kona ya kapeti la plastiki, akapaza sauti majirani wasikie: "He! Unanipekua kama polisi? Mtoto niliyekufuta kamasi mimi? Hilo kapeti nawaachia zawadi!" Nikaona aibu. Nikasema, "Samahani mama," nikambebea hadi ndoo zake. Jioni nikamwambia mama nimekagua kila kona.

Kesho yake akaingia dada anayepika chapati barabarani. Siku ya tatu akainua kapeti ili adeki, akakuta marumaru zimepasuka, zimeungua duara kubwa kubwa. Yeye mwenyewe akamwita mama yangu, kwa nia njema! Kumbe yale makande ya biashara, ambayo yule mama alidai yanapikwa kwa dada yake, alikuwa anayachemshia humo chumbani. Jiko la huyu dada ni dogo, halifiki hata nusu ya zile duara.

Mama akampigia simu yule mama. Akajibu bila haya: "Muulize bintiyo, alikagua akaridhika."

Mama akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa.

"Mwanangu hasemi uongo," mama akamwambia dada. "Wewe ndiye uliyepikia chapati zako humu. Jumamosi utoke."

Dada akanigeukia. "Mdogo wangu, si wewe ulinikabidhi chumba? Sema basi, hili kapeti si nimelikuta?"

Nikakaa kimya.

Naandika kwa hasira. Yule mama wa makande alijua namheshimu, akaitumia heshima yangu kunifunga mdomo, na sasa anauza makande yake kwa amani. Lakini siku ile mbele ya dada hakuwepo wa kunifunga mdomo. Nilijifunga mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumamosi ni keshokutwa. Nishaurini, mama namwanzaje? Na wewe wa Levolosi, ukiitambua nyumba yetu, nakuomba usimwambie mama yangu. Acha ayasikie kutoka kwangu.