Kapsuli za Vifaranga

Juzi nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa pale Keumbu, mama mmoja aliomba kapsuli za rangi mbili, zile za antibiotiki. Muuzaji akamuuliza nani mgonjwa.

"Hakuna mgonjwa, ni za vifaranga. Nazifungua, namwaga unga kwa maji yao, ndio wasishikwe na ugonjwa."

Muuzaji akageukia rafu kuzichukua. Mama mwingine, mwenye bandeji mguuni, akaweka kikapu chake cha ndizi juu ya kaunta, katikati yao.

"Usimuuzie," akasema. "Kidonda changu kilikataa hizo. Daktari akajaribu zingine, zikashindwa. Ikabaki aina moja tu ya sindano, la sivyo mguu ukatwe. Aliniambia wadudu wa magonjwa wamezizoea dawa. Sasa najua wanazizoea wapi."

"Lakini kuku ni wangu."

"Kuku ni wako. Dawa ni yetu sisi wote. Na ndizi siziondoi hapa."

Muuzaji akatutazama sisi wa foleni, kama anayeomba msaada. Nikaweka mfuko wangu kando ya zile ndizi. Hapa Gusii, mtu akifulia ndani ya chemchemi ya kijiji, tunamzuia; hatumuulizi kama nguo ni zake.