Mzima Tu, Ila Kifua Kidogo

Bi Foleni hakupewa jina hilo bure. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali akiamua nani amwone daktari kwanza, na ole wake aliyejaribu kuruka zamu! Alipostaafu alidhani sasa ni yeye na viti vya sebuleni tu. Kumbe chuo kikuu kinamtafuta.

Chuoni hapo kuna taasisi inayochunguza akili mnemba isije ikadhuru watu. Safari hii walikuwa na mashine ya kupokea wagonjwa kwa simu. Mitihani yote imefaulu, hospitali saba zinaisubiri Jumatatu, imebaki sahihi ya Bi Foleni, aliyeitwa aijaribu kwa uzoefu wake wa dirishani.

"Ipigie, mama," alisema Profesa, mkuu wa taasisi. "Jifanye kifua kinakubana."

Akapiga. Mashine ikamwamkia kwa adabu zote, ikamuuliza anajisikiaje.

"Sijambo, mwanangu. Mzima tu, namshukuru Mungu. Ila kifua kidogo."

Kwenye skrini ikaandika: hali nzuri, si haraka, namba arobaini na moja.

"Arobaini na moja!" Bi Foleni aliruka. "Si mmeshaniua!"

"Lakini mama, umesema mwenyewe u mzima," fundi aliyeitengeneza alijitetea.

"Ulitaka nijibu salamu kwa kilio? Mtu anasema sijambo kwanza, ugonjwa unakuja nyuma. Na akikwambia kidogo, hapo ndipo ushtuke!"

Hapo akakumbuka. Zamani, kabla hajaijua kazi ile, mumewe alisimama kwenye dirisha hilohilo akasema ni mzima, uchovu kidogo tu. Muuguzi hakuusikiliza mdomo. Aliutazama mkono uliokandamiza kifua, akamtoa kwenye foleni na kumkimbiza ndani. Bila dada yule, Bi Foleni angekuwa mjane mwenye watoto wawili. Ndiyo maana aliiomba kazi ya dirisha.

Akaisukuma karatasi. "Sisaini."

Alijua yatakayofuata. Watasema bibi kizee anaionea mashine wivu, na Jumatatu itaanza tu, na kuna mume wa mtu atapewa namba arobaini na moja.

Profesa alifunga faili. "Basi Jumatatu haipo."

Fundi akavuta kiti karibu. "Mama, wewe ulikuwa unawauliza nini? Tufundishe."

Miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Bi Foleni, mkali wa watu, akajikuta anafuta machozi na kuwashukuru mpaka wakaona haya. Kisha akawafundisha hadi jioni: salamu ikiisha, uliza upya, na usikubali jibu la kwanza.

Nyumbani alimkuta mumewe kwenye kochi na redio yake.

"Hujambo, baba watoto?"

"Sijambo. Mzima tu."

Hakuweka hata mkoba chini. Alimtazama mikono kwanza. Mmoja ulikuwa umeshika redio, wa pili unaunyemelea mkoba kuona kaletewa nini.

"Asante," Bi Foleni akasema, na mzee wa watu asijue anashukuriwa kwa lipi.