Anwar wa Maskati

Salha, fundi wa hina wa Likoni, hakuweza kukaa wala kusimama. Watu wa televisheni walikuwa sebuleni kwao! Kipindi kile kile cha kuwafichua wapenzi bandia wa mitandaoni, alichokuwa akikitazama na kuwacheka waliodanganywa, leo kimekuja kumtafutia Anwar wake.

Anwar alikuwa mhandisi Maskati. Miezi minane waliandikiana, na kwa ajili yake Salha alimkataa mchumba mwenye duka na nyumba. Kuzungumza kwa simu Anwar hakutaka, ana haya. Eti haya, mwanamume mzima! Salha akaamini. Leo alitaka kujua neno moja tu: yupo, au hayupo?

Mtangazaji, Gershom, alikuwa amekwama. Picha za uso alishagundua ni za mtu mwingine, lakini mwandishi wa jumbe hakumpata. Akafungua picha ya mwisho: mkono wa bibi harusi, ambao Anwar alisema ni wa dada yake huko Maskati.

Salha akaruka. "Wallahi mkono huu nimeuchora mimi! Harusi ya Utange, mwezi wa Shaabani! Ua hili halichori mwengine!"

"Basi Anwar alikuwa harusini!" Gershom naye akasimama.

"Kwenye kupamba? Hiyo ni sherehe ya wanawake, mwanamume haingii. Na simu zote zilikusanywa mlangoni, bibi harusi asipigwe picha."

"Nani alizikusanya?"

Salha akageuka. Mlangoni alisimama dada yake, Mwanasaumu, aliyezikusanya simu siku ile, ameshika sinia ya sharubati, glasi zikigongana.

"Dada?"

"Abee," akaitika Mwanasaumu, yeye aliye mkubwa, kama mtoto aliyevunja kikombe. "Tangu upewe talaka ulikuwa huli, hucheki. Nalitaka ucheke siku mbili tatu. Kisha nikashindwa kumuondoa."

Hasira zilimpanda Salha hadi masikioni. Mchumba amemkosa, na nchi nzima itamcheka! Lakini kuna jambo lilimkaba zaidi.

"Na asubuhi ya Idi, uliponiandikia kuwa duniani huna umpendaye kama mimi? Hilo nalo uwongo?"

Mwanasaumu hakuwahi kumtamkia mtu neno kama hilo. Akainamisha kichwa.

"Hilo si la Anwar. Hilo langu."

Salha akamgeukia mpiga picha. "Zima kamera," akasema, akaenda kumpokea dada yake ile sinia.