Mipasuo Mitatu ya Funza

Funza hupumua kwa nyuma. Ukimweka chini ya hadubini utaona upande wa mkia vibamba viwili vya kahawia, na katika kila kibamba mipasuo ya hewa. Akishajivua ngozi mara ya kwanza huwa na mipasuo miwili katika kila kibamba. Akijivua mara ya pili, mitatu. Hayo sikufundishwa na mtu. Nilianza kuwatofautisha nzi nyumbani Homa Bay, kwenye nyavu za kuanikia omena, dagaa wa ziwani, nikaendelea hapa Migori katika maabara ya shule ya sekondari, ambako kazi yangu ni kuosha chupa na kupanga kemikali. Kwa miaka mingi nimetega vipande vya maini na kuandika saa nzi alipotaga, saa mayai yalipoanguliwa, saa funza walipojivua. Madaftari hayo ndiyo digrii yangu.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima humwita Madam. Jumatatu moja asubuhi ng'ombe wake mweusi wa maziwa alipatikana amekufa ndani ya shimo la dhahabu lililoachwa wazi, upande wa Masara. Swali lilikuwa alitumbukia lini. Madam mwenyewe alikuwa matangani Homa Bay tangu Alhamisi. Mchunga ng'ombe wake, Mkuria wa Kegonga mwenye umri kama wangu, ni Msabato. Alichunga Ijumaa mpaka jua likaribie kutua, akaenda kanisani, akarudi Jumapili asubuhi na papo hapo akasema mweusi hayupo. Jumamosi aliyechunga ni mtoto wa shemeji yake Madam, mwanamume wa bodaboda mwenye miaka thelathini na kitu. Huyo alishikilia kwamba hata Jumamosi asubuhi, alipofungua zizi, mweusi hakuwamo.

Mahali pengine jambo hili lingekwisha kwa kuuliza walikuwa wangapi jioni ya Ijumaa. Katika boma lile hakuna anayehesabu ng'ombe; kuwahesabu ni kuwaitia kifo. Unapitisha macho kwenye rangi, unafunga lango. Kwa hiyo lilibaki neno la mmoja dhidi ya la mwingine, na mchunga ng'ombe ndiye aliyekuwa akikaribia kupoteza kazi ya miaka tisa pamoja na jina lake.

"Fundi wa nzi," Madam aliniita tukiwa ukingoni mwa shimo, "kila siku unatuambia unajua. Nipe siku."

"Kumbe huyu ni daktari ya funza?" alisema wa bodaboda. "Awaulize basi. Kama hawajui Kiswahili, ajaribu Kijaluo."

Mchunga ng'ombe hakucheka. Huniita Mwalimu, ingawa sifundishi. "Waulize tu, Mwalimu," alisema. "Mimi niko hapa."

Nilishuka kwa kamba saa sita mchana nikachota funza. Nusu niliwaua kwa maji ya moto na kuwaweka kwenye spiriti. Nusu niliwaacha hai ndani ya chupa yenye nyama na mchanga. Shuleni nilimchagua mkubwa kuliko wote, maana mkubwa ndiye aliyetangulia. Alikuwa na mipasuo mitatu. Nikafungua daftari. Funza wa nzi wa kijani, kwa joto letu, hafikishi mipasuo mitatu ndani ya siku mbili. Saa kumi nikarudi kwa Madam nikasema: Ijumaa.

Alimfukuza saa ileile. Mchunga ng'ombe alisema, "Sawa, Madam," akachukua mkoba na Biblia yake, akaenda kukaa kwa mtu wa kanisa lake.

Utaratibu wangu ni kutazama funza kumi, si mmoja, na siku ile niliuvunja kwa sababu watu walikuwa wakinisubiri. Asubuhi ya Jumanne niliutimiza. Saba kati ya wale kumi walikuwa na mipasuo miwili. Watatu, wale wakubwa, walikuwa na mitatu, ila sasa niliona jambo nililolipita jana yake: vibamba vyao vilikuwa vimezama ndani ya shimo refu nyuma ya mwili, kama jiwe lililolala ndani ya chungu. Vya nzi wa kijani havizami hivyo. Hawa walikuwa watoto wa nzi wa nyama, yule wa kijivu, ambaye hatagi mayai. Huzaa funza walio hai. Mtoto wake huanza safari akiwa mbele ya mwenzake kwa muda wote wa yai. Nilikuwa nimepima umri wa ndama kwa meno ya mbuzi. Wale saba, kwa daftari langu, walikuwa wa Jumamosi.

Nikaenda kwa Madam kabla ya kengele ya shule.

"Nilikosea."

"Jana ulikuwa na hakika."

"Jana nilitazama mmoja."

"Na leo nikuamini kwa nini?"

"Usiniamini. Nipe wiki mbili au zaidi kidogo, nzi watoke, uwaone mwenyewe."

"Wiki mbili," alisema. "Mtu akae kwa watu wiki mbili kwa sababu wewe ulikuwa na haraka." Lakini alikubali.

Wa kijani walitoka kwanza. Kwenye shina la mshipa mkubwa wa bawa walikuwa na safu ya vinyweleo. Kuna jamaa zao wa kijani ambao mshipa huo ni mtupu; hawa hawakuwa hao, walikuwa wale wale wa daftari langu. Baadaye kidogo wakatoka wa kijivu: mistari mitatu myeusi mgongoni, tumbo lenye mirabaraba kama ubao wa drafti. Hakikubaki cha kubahatisha.

Niliibeba hadubini ndogo, ile ya kioo cha kunasa jua, hadi uani kwa Madam, na nilikuwa nimemtumia mchunga ng'ombe ujumbe aje. Wa bodaboda naye alikuwapo. Mbele ya wote watatu nilianza na kosa langu, kisha nikaonyesha nzi na funza, mmoja mmoja. Madam aliinama akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alimgeukia mtoto wa shemeji yake.

"Nyathina, mwanangu, Jumamosi ulikuwa wapi?"

Alikwaruza ardhi kwa kiatu. "Kuna mteja alinipigia. Nilimpeleka Masara, nikarudi. Ng'ombe zilikuwa tu hapo. Nilidhani ziko zote."

Madam alimwambia mchunga ng'ombe kwamba amemkosea, na kama anataka, kazi ni yake. Mimi pia nilimwomba radhi. Aliitikia kwa kichwa polepole, bado ameshika mkoba, macho yake zizini.

"Yule ng'ombe wa mabaka," alimuuliza wa bodaboda, "unamkamua chuchu ngapi?"

"Si ni zote nne?"

"Ya nyuma kulia ina jipu. Anakamuliwa tatu." Akaweka mkoba chini, akaenda jikoni kuomba maji ya moto na kitambaa.