Vipande Elfu Moja na Tisa

Walimwita Mama Viraka, maana hakujaliwa mtoto wa kumpa jina, na viraka vilikuwa vimezagaa nyumbani kwake hadi uvunguni. Naye aliitika bila kinyongo. Mungu hugawa apendavyo, alisema, mguu ukikanyaga cherehani.

Wifi yake alipokaribia kujifungua, Mama Viraka alikata shauri kumshonea shuka ya viraka. Akaomba vitambaa mtaa mzima: gauni kuukuu, pazia, shati la marehemu. Akaahidi mbele ya Mungu na majirani kwamba hakitabaki nje hata kimoja. Akakata miraba ya vidole vinne kwa vidole vinne. Ikafika elfu moja na tisa.

Hapo kazi ikagoma. Alipanga sakafuni safu ishirini na nane, kila safu vipande thelathini na sita. Kikabaki kimoja. Akapangua, akapanga safu za ishirini na nne. Kimoja. Za ishirini na moja. Kimoja tena, kama deni la ukoo!

"Kitupe, wifi," alisema mjamzito, miguu iliyovimba juu ya stuli. "Nani atajua?"

"Mwenyewe atajua. Hiki ni cha yule mjane wa kona, shati la mumewe. Nimtoe mume wa mtu nje?"

Binti wa kaka yake mwingine, mwalimu wa hesabu, alikuwa amekuja kumjulia hali wifi. Akaangua kicheko. "Shangazi, utapangua mpaka kiama! Hiyo namba ni tasa."

Wifi akatazama dari. Mwalimu akajiuma ulimi.

"Nisamehe, Shangazi. Ndivyo zinavyoitwa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Masikini, na yeye wamempa jina hilo?" Mama Viraka akasogea karibu. "Hana dawa?"

"Ana siri! Tasa ukiigawa kwa nne ikabakiza moja, huvunjika ikawa miraba miwili kamili. Na hii inabakiza moja. Ila miraba ipi, tuitafute."

Wakaitafuta! Chaki ikalia sakafuni. Thelathini na moja kwa thelathini na moja: vinabaki arobaini na vinane, haviwi mraba. Thelathini: mia na tisa, patupu. Ishirini na tisa: patupu.

"Teremkeni, teremkeni!" wifi alipiga kelele, stuli imeshapinduka.

Ishirini na nane: vinabaki mia mbili ishirini na tano.

"Kumi na tano kwa kumi na tano!" mwalimu akaruka.

Wakapanga upya. Mraba mkubwa ukatosha kitanda kizima. Kando yake mdogo, wa kumfunika mtoto mchanga gubigubi. Nje hakikubaki hata kimoja.

Wifi akashika tumbo. "Wifi, huu mdogo..."

"Tasa kazaa, mama! Ashukuriwe Mungu!" Machozi na kicheko viligombea uso wa Mama Viraka. "Mwalimu, tunga uzi upesi. Huyo aliyemo humo hangoji fundi."