Mama Mdogo Anataka Kuona Meli

Mama mdogo wangu hakuwahi kunitaja kanisani kwa jema lolote mpaka aliposikia najenga manowari.

"Siyo manowari, Mama mdogo," nilimwambia kwenye simu. "Ni meli ya kubeba mafuta na chakula. Inazifuata meli nyingine za jeshi huko baharini, inazigawia bila hata moja kusimama."

"Ni ya jeshi au siyo ya jeshi?"

"Ya jeshi la majini la huko Ulaya, lakini..."

"Basi."

Nikataka kumweleza kwamba meli yenyewe wanaijenga hukohuko kwao, sisi Houston tunatengeneza nguzo tu na makapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba. Kumbe naongea peke yangu. Alishakata, anampigia katibu wa kwaya.

Yeye alikuwa Dallas, nesi, na kwaya ya kanisa ni yake. Hakuna aliyempa, aliichukua. Mimi nilianzia kwake, nikalala kwenye kochi lake, nikapata kazi ya kuunga matrela karibu na Haltom City. Kuchomelea nilijifunza mwenyewe nyumbani Mwanza, kwenye mageti ya watu, na mengine hayakufungika mpaka leo. Kule kwenye matrela ndiko nilikokutana na kaka yangu. Siyo wa tumbo moja. Ni Mkongo, mtu mzima, ametokea kambi ya wakimbizi, alikuwa akikaa mtaa wa Vickery Meadow na anakuja kazini kwa mabasi ya kuungaunga. Mimi naongea, yeye anasikiliza, ndiyo urafiki wetu. Siku walipomwachisha kazi eti kwa sababu ni mpole mno, hasukumi wenzake, mimi nilivua glovu, nikamwambia msimamizi kitu kuhusu sura yake, tukaondoka wote. Nilipopata kazi Houston sikukubali kuanza mpaka bosi akubali tuwe wawili.

Bosi alikuwa mzee wa Texas mwenye karakana ndogo na madeni makubwa. Ile kazi ya nguzo ndiyo ilikuwa inamweka hai. Na kaka yangu ilikuwa inamweka hai zaidi, maana mke wake na watoto walikuwa wanakuja kutoka kambini mwezi uliofuata, baada ya miaka ya kusubiri, na alishapanga nyumba ya vyumba viwili kwa mshahara huohuo. Alishanunua na pazia. Kila jioni ananiuliza kama rangi ya pazia ni nzuri. Pazia la njano kama yai! Nikasema nzuri. Kwa ajili yake mimi naweza kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Sasa ikaja siku ya majaribio. Afisa wa lile jeshi alitumwa kutoka Ulaya, mtu mrefu, viatu vinang'aa mpaka unaona mawingu ndani yake. Nguzo moja tuliifunga kwenye zege la uwanja, hiyo ndiyo meli yetu. Ya pili tuliifunga juu ya lori, hiyo ndiyo meli nyingine, na lori linakwenda mbele na kurudi nyuma kama chombo kinachosukumwa na mawimbi. Kati ya nguzo mbili inapita kamba nene, na kwenye kamba kinaning'inia kiti cha kuvushia mtu. Kwenye kiti tuliweka gunia la mchanga.

Afisa akasema kamba lazima ishikwe na watu kwa mikono. Lori likisogea, watu wavute. Likienda mbali, walegeze. Gunia livuke, lirudi, lisiguse chini.

"Kwa nini si winchi?" bosi akauliza.

"Mashine haimsikii mtu akipiga kelele," afisa akasema, kwa Kiingereza kama anasoma tangazo.

Bosi alikodi vijana wa kibarua kutoka kwa wakala. Mimi na kaka tulikuwa kwenye kamba ndogo, ya kuvuta kiti. Wale vijana kila mmoja alishika kamba kubwa kivyake, huyu anavuta, yule anajikuna, mmoja anaongea na mpenzi wake kwa simu, kwa sauti, na walikuwa wanagombana. Lori likarudi nyuma kuja kwetu. Kamba ikalegea kama tambi. Gunia likashuka puu, likapasuka juu ya zege, mchanga wote ukaingia kwenye viatu vya afisa.

Hapo nikaongea. Sitayarudia niliyosema. Niliwasema wao, mikono yao, na yule mpenzi kwenye simu. Walinisikiliza vizuri tu mpaka mwisho. Halafu wakaweka kamba chini kwa pamoja, mara ya kwanza siku hiyo wanafanya kitu kwa pamoja, wakapanda basi lao dogo wakaenda zao.

Afisa alikuwa anakung'uta kiatu.

"Narudi baada ya chakula cha mchana," akasema. "Jaribio moja. Kesho asubuhi nina ndege. Likishindikana, nguzo zitatengenezwa kwingine."

Bosi akanigeukia. Nikamwambia, "Nifukuze."

"Wewe? Nikikufukuza utafurahi, utapata cha kuhadithia," akasema, kwa ile lafudhi yao ya kutafuna maneno. "Kazi hii ikipotea siwezi kulipa watu wote. Ataondoka wa mwisho kuandikwa. Mwenzako."

Alijua pa kunipiga, mzee yule. Nilimwangalia kaka. Alikuwa anachota mchanga kwa koleo, polepole, kama anazika kitu.

"Petit," akaniambia, ndivyo alivyoniita, kwa Kifaransa chao, yaani mdogo. "Mudomo yako iko na moto."

"Najua, kaka."

"Bibi yangu anakuya. Nitamuambia nini? Tulale mu pazia?"

Bibi kwao ndiye mke. Nikachukua koleo la pili nimsaidie. Ndipo nikasikia honi nje ya geti. Honi ndefu. Na vigelegele.

Magari mawili ya kanisa, yale marefu, yakaingia uwanjani. Wametoka Dallas alfajiri. Ikashuka kwaya nzima na sare ya kitenge cha kijani, masufuria ya pilau yamefungwa kwa mablanketi, na mwisho akashuka Mama mdogo mwenyewe amebeba keki. Keki yenye umbo la meli. Ina bomba la moshi, ina mizinga, na pembeni bahari ya krimu ya bluu.

"Shikamoo, Mama mdogo," nikasema. "Mmefuata nini?"

"Marahaba. Tumekuja kushukuru. Mtoto wetu anajenga manowari tukae kimya? Iko wapi?"

Nikanyoosha kidole. Kwaya yote ikageuka.

"Ile nguzo ya taa?"

"Ile siyo nguzo ya taa..."

"Wewe mtoto! Umetutoa Dallas kuja kuangalia nguzo ya taa? Nimekesha naweka mizinga kwenye keki!"

"Mama mdogo, mimi nilikutajia siku tu, sikuwaita! Na meli yenyewe haina mizinga mingi hivyo, ni kama duka!"

"Kama duka," Mama mdogo akawaambia wenzake. "Mnamsikia? Duka."

Mzee mmoja wa sauti ya nne, mnene, akaomba kuuliza kama pilau litapoa. Lakini Mama mdogo si mtu wa kurudi na shukrani kwenye gari. Akaamua kwamba kama ni nguzo, basi tutaishukuru nguzo. Akaipanga kwaya mbele yake, akaanzisha. Wakaimba na mwendo wao, ule wa kila Jumapili: hatua mbele, hatua mbele, wanainama kidogo, wanarudi nyuma, wanarudi nyuma. Kama mlango unaofunguka na kufungwa.

Mimi nilikuwa natafuta pa kujificha. Kaka akanishika mkono.

"Petit. Tazama miguu yao."

Nikatazama. Mbele, mbele. Nyuma, nyuma. Hakuna hata mmoja aliyechelewa, hata yule mzee wa pilau.

Nikakimbia kwa bosi. Bosi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anawatazama kama mtu anayeota.

"Ni nani hawa?"

"Ndio watu wako wa kamba."

"Wana bima?"

"Hawana. Bosi, wewe una mwingine?"

Akafikiri kidogo, akainuka kwenda kutafuta glovu na kofia ngumu. Kofia zikaleta vita nyingine. Mama mdogo alikataa kuvua kilemba. Bosi alikataa kichwa bila kofia. Mwishowe kofia ikakaa juu ya kilemba kama kikombe juu ya mtungi, na wanawake wote wakafuata, na bosi akaamua kutazama upande mwingine.

Afisa aliporudi alizitazama sare, akaitazama keki kwa muda mrefu kidogo, akainua mkono. Hakuuliza kitu. Nadhani jeshini walimfundisha hivyo.

Lori likaanza kusogea. Mama mdogo akatoa sauti. Wote wameshika kamba, mzee mnene yuko mwisho kama nanga. Lori linakuja, kwaya inarudi nyuma, kamba imekaza. Lori linakwenda, kwaya inasogea mbele, kamba bado imekaza. Mimi na kaka tunavuta kiti. Gunia jipya likatoka kwetu, likapita juu ya zege lililotapikiwa mchanga asubuhi, likatulia hewani wakati lori linageuza mwendo, kisha likafika kwenye lori. Tukalirudisha. Kaka alikuwa anavuta amefumba macho. Nilimpigia kelele afumbue, akakataa kwa kichwa.

Gunia likagusa nguzo yetu. Limefika. Afisa akashusha mkono: basi.

Kwaya ikaendelea.

Akashusha tena. Dereva wa lori, kuona kwaya inaendelea, na yeye akaendelea. Kamba inakwenda na kurudi, kiti kinabembea, sisi tukaona aibu kukiacha kimesimama, tukakivusha tena.

"Waambie wasimame," afisa akaniambia.

"Siwezi. Bado beti."

Akamwendea Mama mdogo mwenyewe. Mama mdogo, bila kukata sauti, akamwinulia kidole kimoja, kile anachowainulia wagonjwa wanaotaka kushuka kitandani. Na afisa wa jeshi la majini la Ulaya akasimama pembeni, mikono nyuma, akangoja wimbo uishe.

Ulipoisha akainama, akatazama chini ya gunia. Safi. Akapitisha na kiganja. Akampa bosi mkono. Kisha akamuuliza Mama mdogo kama huo mwendo mabaharia wake wangeweza kujifunza.

"Wanaimba sauti ya ngapi?" Mama mdogo akauliza.

Pilau lililiwa uwanjani, juu ya meza ya kukatia chuma. Afisa alipewa upande wa keki wenye mizinga. Bosi alipita mbele ya kaka na sahani yake, akasema tu, "Jumatatu saa moja, usichelewe," na kaka akajibu ndiyo, halafu akaenda nyuma ya lori akakaa huko kidogo. Nilimwacha. Mtu aliyemfuata nyuma ya lori kwenda kumchungulia, dereva yule, nilimwambia maneno mawili.

Mke wake alifika kweli mwezi uliofuata. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege, Mama mdogo akiwamo, bila shaka. Ndani ya gari, watoto wamelala juu yetu, mke wa kaka akauliza, "Na meli?"

Kumbe kaka naye alishamwambia kwa simu.

Ikabidi tupitie karakana. Nguzo zilishasafirishwa. Pale kwenye zege palibaki vyuma vya kufungia tu, vimechomoza kama meno. Mwanamke akashuka, akavizunguka, akavigusa kwa ncha ya kiatu.

"Iko wapi?"

"Ilishaenda," kaka akasema. "Meli ni kitu ya kwenda."

"Sawa. Ila weye usiende tena." Akamshika mkono wa shati, akarudi naye kwenye gari.

Mama mdogo akatoa kichwa dirishani. "Mwambieni kwenye keki meli ilikuwa nzima!"