Mikono ya Bibi Ilipotulia

Mikono ya bibi yangu ilikuwa inatetemeka muda wote, kwa hiyo kwenye kila picha ilionekana kama moshi. Nilitaka picha moja safi kabla hajafa. Nikampeleka kwa mpiga picha wa Dodoma mjini aliyekuwa na flashi mpya ya umeme. Akaziba madirisha kwa mablanketi, akaiacha lenzi wazi gizani.

"Mbona hupigi?" nikamuuliza.

"Tulia wewe! Gizani filamu haioni kitu. Flashi ikiwaka, inazima kabla mkono haujasogea."

Ikawaka mara moja.

Picha ilitoka safi, hadi mishipa inaonekana. Bibi akaishika, ikatetemeka naye.

"Huyu ameshakufa, mjukuu wangu. Mimi bado."

Alipofariki, niliiona tena ile mikono, imetulia vilevile.